Mashine Mpya ya Kujazia Risasi

Babu mpendwa,

Ni mimi niliyemwambia bosi wa Baba anunue mashine mpya. Sijamwambia mtu mwingine.

Hapa ugenini, mtaani Najma, Mama hajambo, anakusalimu. Uliuliza kwa nini Baba ameachishwa kazi. Kule klabu ya kulenga shabaha alikuwa akijaza upya maganda ya risasi kwa mashine kuukuu. Mikono yake imeanza kutetemeka, na siku nilipompelekea chakula nilimwona akitia baruti mara mbili kwenye ganda moja; risasi kama hiyo hupasua bunduki mkononi, na yeye ndiye huzijaribu.

"Baba, si mbadilishe hii mashine?"

"Mpya inajipimia baruti yenyewe, mama. Ikija, mimi watanitakia nini?"

Imekuja. Baba anarudi kwako na vidole vyake vyote, na hasira kwa aliyemchongea. Mpokee vizuri, Babu, na tafadhali usimwambie ni mimi.