Dola Mukononi, Karte Mufukoni

Siku ya pili ya juma, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Masomo imefungwa. Nimemaliza kusahihisha ekzamen za biolojia, vidole vinaniuma. Na tunaenda Entebbe kweli! Mimi na bwana yangu Guylain, bila watoto. Tangu tuoane tunavuka mupaka juu ya mazishi tu, ao mugonjwa. Sasa ni kupumuzika. Yeye mwenyewe njo alileta hiyo wazo — mutu mwenye kupiga simu za kazi hata Siku ya Mungu!

Jioni tumebishana namna ya kulipa kule. Mimi nataka karte ya banki. Karte ikipotea, unapiga simu, wanaifunga. Dola zikipotea, basi. Guylain anataka dola tu, zote mukononi. "Maman Bintu, dola haina panne, haikwami." Ananiita kwa jina la binti yetu wakati hataki mazungumuzo iendelee.

Siku ya ine, tarehe 4

Nimeshinda — nusu. Tumefungua hesabu moja ya safari, karte mbili: moja yangu, moja yake. Bwana wa guichet ya banki aliuliza mesaji za malipo ziende ku simu gani. Guylain alikuwa inje, anaongea na simu. Nikatoa namba yangu.

Halafu Guylain akaenda Nyawera, hapa Bukavu, kununua dola kwa kambisti. Nilimwambia aangalie kila noti: mwaka, pembe, mupasuko. Asema ameangalia. Sizani — alirudi haraka sana.

Fanny, mudogo yangu wa Nairobi, ameniandikia: mashini ya karte ikiuliza dola ao shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, wanakubadilishia kwa bei yao.

Siku ya posho, tarehe 6

Mupaka wa Ruzizi, foleni, Kigali, bisi. Miguu imevimba. Ku ngazi za agence ya bisi Guylain alisimama katikati, asema anatafuta simu. Simu ilikuwa mukononi.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Entebbe! Ziwa haina milima ngambo, inanichanganya kichwa.

Ku hoteli, binti wa réception amerudisha karibu nusu ya noti za Guylain. Zingine za zamani, moja iko na katundu. Nilizani atagombana. Hapana. Alizitazama tu, akazirudisha mufukoni. Nikatoa karte yangu, nikachagua shilingi, mesaji ikaingia palepale. Nilijisikia mukubwa kidogo, nisidanganye.

Lakini mama wa samaki na bwana wa pikipiki, karte hawana habari nayo. Shilingi mukononi tu. Kwa hiyo Guylain naye alikuwa na haki. Nilimwambia. Hakucheka.

Siku ya pili ya juma, tarehe 9

Asubui ameenda Kampala peke yake, kutafuta bureau ya kubadilishia dola itakayopokea zile noti. Nikabaki ku piscine ya hoteli na nanasi, miguu mu maji. Raha! Hakuna mutu anayeniita Madame.

Wakati wa chakula, mesaji. Karte yake imelipa. Sio bureau, sio duka. Kliniki ya moyo.

Nimesoma. Nimesoma tena. Nanasi ikabaki ku sahani.

Alirudi na avoka mbili.

"Wamepokea noti?"

"Hata moja. Na ambutiyaji ya magari — we!"

Alikula kidogo. Mimi pia. Sikuuliza. Sasa naelewa kwa nini alitaka dola tu. Dola haitumi mesaji.

Siku ya tatu, tarehe 10

Asema kuna bureau ingine, anarudi Kampala. Nikasema sawa, uende vizuri. Mbele ya saa sita mesaji ya pili ikaingia, kliniki ileile. Nikavaa viatu, nikatafuta taksi.

Naandikia ku korido ya kliniki, daftari juu ya magoti. Nilimukuta ku banc, shati wazi, vipande vya gundi vingali kifuani. Hakushituka. Akasogea, akanipa nafasi.

"Umejua namna gani?"

Nikamuonyesha simu. Akacheka! Mara ya kwanza tangu tutoke Bukavu.

"Munganga wa kwetu njo alinituma huku. Nilitaka upumuzike kwanza. Ningekuambia."

"Lini, Guylain?"

Akaanza kujifunga vifungo. Akafunga vibaya, nikamufungia upya.

Halafu munganga akatoka, mwanamuke kijana, mupole. Kingereza tu. Guylain haisikii. Mimi naisikia, shauri ya Fanny na simu zake ndefu. Aliongea na mimi, akichora na kidole ku kifua yake mwenyewe: hapa imeziba, na hapa. Kisha akasema neno la kupasua, na kwamba isichelewe.

"Anasema nini?"

Nikamwambia aende kwanza kwa picha ya mwisho, walikuwa wanamungoja. Akaenda. Aliniachia miwani, saa na kiatu moja — kwa nini kiatu moja? — vyote viko hapa pembeni yangu.

Kingereza yake yote niko nayo kichwani. Kiswahili njo natafuta. Kama nikianza na "munganga ni mupole", atajua. Kama nikianza na —

Mulango inafunguka. Guylain ananitazama uso tangu kule mbali.