Alama Nyekundu kwenye Picha ya Moshi

Usagara, 11 Agosti 1996

Mwanangu Bernadeta,

Marahaba. Natumaini u mzima huko Dar es Salaam na kwamba ofisi ya hali ya hewa haikuchoshi. Sisi ni wazima, ila macho yanatuuma. Moshi umetanda tangu mwanzo wa mwezi na hakuna aliyeona moto. Jua linachomoza jekundu, unaweza kulikazia macho. Ndege wamenyamaza. Wavuvi wa Igogo wanasema hawalioni ziwa hata wakiwa wamelikanyaga.

Ninakuandikia kwa sababu ya shangazi yako Ng'washi. Macho yake yamekuwa mekundu miaka yote kwa kupikia samadi, nawe unajua vikongwe wenye macho hayo wanavyoitwa wachawi na kuuawa huku. Sasa inasemwa kwamba yeye ndiye anayeuita moshi huu. Mhoja, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji, amenitaka nieleze mkutanoni tarehe 24 moshi unatoka wapi. Uliniambia mnapokea picha zinazopigwa kutoka angani. Nitumie moja. Watu wataamini wakiona.

Baba yako,
Maige

Dar es Salaam, 17 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni kwa macho. Mimi sijambo.

Picha hii nimempa dereva wa basi. Setilaiti iliipiga jana mchana. Doa jeusi ni ziwa. Utepe mweupe ni moshi: unaanzia kwenye misitu inayoungua kusini ya Tabora, na upepo unauleta hadi kwenu. Hakuna aliyeuita, unapita tu. Ili msipotee, nimetia alama nyekundu mahali ilipo nyumba ya Shangazi. Mwambie kitenge chake ninacho.

Binti yako,
Bernadeta

Usagara, 25 Agosti 1996

Mwanangu,

Marahaba. Picha ilifika salama, na mkutano ulikuwa na utulivu ambao sikuutarajia. Nilieleza upepo na misitu kama nilivyokuwa nikifundisha darasani. Hakuna aliyebisha.

Mhoja aliuliza, "Mwalimu, alama hii imewekwa na nani?"

Nikamjibu kwa fahari, "Ofisi ya serikali, Dar es Salaam."

Akaigusa kwa kidole. "Na hapa ni kwa nani?"

"Kwa dada yangu."

"Serikali imetusaidia sana," akasema, na wote wakanishukuru mmoja mmoja.

Picha imebaki kwake, wanaonyeshana. Matusi yamekoma. Hata njia ya kwa shangazi yako hawaipiti tena. Yeye anacheka: "Dar es Salaam wananijua, na mimi hata Shinyanga sijafika." Mzee mmoja ameniuliza kama mnaweza kumwona mtu akiwa ndani ya nyumba.

Moshi bado upo.

Baba yako,
Maige

Dar es Salaam, 29 Agosti 1996

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, sikuulizii hali.

Mwondoe Shangazi leo hii. Hawakuona moshi ukipita. Wameona kwamba serikali imewaonyesha anayeuita. Mpeleke Buswelu kwa dada Getruda, nimeshampelekea habari. Usiwaage majirani, na usiende kwa Mhoja kueleza upya. Alama ile niliiweka mimi kwa kalamu yangu. Nimekutumia na simu ya maandishi ya posta. Nijibu.

Bernadeta

Dar es Salaam, 4 Septemba 1996

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Getruda anasema hakuna aliyefika kwake.

Upepo umegeuka. Katika picha ya leo, tangu Tabora hadi ziwani, hakuna moshi hata kidogo. Ila katika ya pili, ile ya joto, kuna nukta moja tu nyeupe, ndogo kuliko punje ya mtama. Katika picha za joto nyeupe si moshi, ni moto. Mwenzangu Venant anasema ni hitilafu ya mashine, kwani hapo hapana msitu. Nimechukua nakala ya picha niliyokutumia, nikaiweka juu ya hii dirishani. Nukta imeangukia ndani ya alama yangu.

Labda ni samadi tu. Labda mnachoma mabua.

Ninakuja kwa treni ya leo jioni, na barua hii itakuwa kwenye behewa la posta la treni hiyohiyo. Ukiipata kabla sijafika, toka usimame barabarani, wewe na Shangazi, niwaone.

Binti yako,
Bernadeta