Alibaki Juu ya Jiwe

Jumatatu, 12 Julai 1976

Siku ya kwanza! Watoto kumi na tisa, kando ya ziwa, hapa chini ya mtaa wa Muhumba. Mimi ndani ya maji hadi kifuani, pagne, kitenge changu, nimeifunga juu ya maillot ya kuogelea ili watu wasiseme. Ninawashika tumbo mmoja mmoja. Wanapiga miguu, wanameza maji, wanacheka. Mume wangu yuko juu ya jiwe, anawaonyesha mikono na pumzi. Kwenye karatasi, tangu serikali ikataze majina ya kizungu, yeye ni citoyen Mushagalusa, ila humu daftarini atabaki Anaclet. Sauti yake! Hata wavuvi waligeuka. Directeur wa shule yetu, muzee Bulonza, ametupatia ruhusa ya kufundisha kuogelea vakansi yote kwa sababu Anaclet aliwahi kuvuka ghuba kwa kuogelea akiwa mwanafunzi. Hadithi hiyo ilinivuta hata mimi, binti wa Minova niliyekulia majini.

Jumatano, 14 Julai

Maji baridi. Nabintu, binti wa maman Domitille, ameelea peke yake — hadi hesabu ya kumi! Nilimwomba Anaclet ashuke anisaidie na wale wakubwa. Akasema lazima mmoja awaone wote. Ni kweli pia.

Ijumaa, 16 Julai



Saa nne Emérence mdogo alikanyaga chupa. Damu nyingi. Nilimbeba hadi barabarani kumfunga kitambaa. Nikamwambia Anaclet: watoe wote majini, au ingia nao. Akasema sawa. Ninarudi — makelele. Kichwa cha Nabintu, kule chini panapokatika ghafla kuwa kilindi. Kinazama, kinatoka. Na Anaclet amesimama juu ya jiwe. Amesimama! Kinywa wazi, suruali kavu. Nilimpita mbio nikajitupa.

Nabintu alitapika maji, akalia. Sijawahi kupenda kilio hivyo. Nilimbeba mgongoni hadi kwao.

Nyumbani Anaclet alikaa ukingoni mwa kitanda. "Jeanine, sijuwi kuogelea. Tangu nizaliwe sijuwi." Miaka sita ya ndoa! Akalia. Nikamwonea huruma — ndiyo, huruma. Nikasema nitamfundisha mwenyewe, upande wa mianzi, hakuna atakayejua. Akanishika mkono, hakuuachia hadi usingizi ulipompata.

Jumanne, 20 Julai

Mkutano wa wazazi, katika chumba cha darasa la sita. Maman Domitille aliuliza kwa upole: nani alikuwa na mtoto wangu? Nilikuwa ninafungua kinywa kusema sote wawili. Anaclet akasimama.

"Directeur, bazazi, miye sitaficha. Ni bibi yangu alikuwa nabo mu mayi. Aliacha batoto, akapanda ku barabara. Miye ndiye nilipiga kelele, nikamwita."

Kwa sauti ile ile nzuri. Nilimtazama. Alitazama ubao.

Mguu wa Emérence hakuutaja. Mimi pia sikuutaja. Kumbe nilikuwa bado ninamlinda! Domitille angenitukana ningevumilia. Alisema tu: Madame, nilikuachia mutoto kwa moyo wote. Muzee Bulonza akaamua: masomo yataendelea, na mwalimu mmoja, mwanaume. Wakapiga makofi.

Nilirudi peke yangu.

Alhamisi, 22 Julai

Anasema ilibidi. Muzee Bulonza anastaafu Septemba, kiti kitakuwa wazi. "Weye uko mwanamuke, watasahau." Nilimwambia: basi Jumatatu, masomo yakianza tena, jifanye mgonjwa. Hapana. Atawaweka hadi magotini tu.

Hadi magotini! Watoto waliokwisha kuonja kuelea! Nani atawazuia wasiende mbele?

Analala vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Analala.

Jumapili, 25 Julai

Baada ya misa nilimfuata muzee Bulonza. Nikasema wazi: Anaclet hajui kuogelea. Alinitazama, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemfariji mgonjwa. "Maman, hasira ya nyumba ibakie mu nyumba." Kwa hiyo Anaclet alikuwa amenitangulia kwake. Alikwisha kumwambia kwamba nitasema hivyo!

Maman Domitille alikuwa kwenye ngazi za kanisa. Nabintu alinipungia mkono. Mama yake akaushika mkono ule, akaushusha taratibu.

Jumatatu, 26 Julai

Saa mbili asubuhi. Wameongezeka — thelathini na mmoja. Wamepita mbele ya dirisha na mataulo yao. Nabintu yumo!

Anaclet alikunywa chai amesimama. Alitoka, kisha akarudi mlangoni. Alisema chinichini, macho kwenye viatu vyake:

"Uje. Ukae nyuma ya miti, bazazi basikuone. Kama kitu kinatokea, unaingia."

Halafu nikasikia sauti yake barabarani: haya batoto, mustari!

Nyuma ya miti. Nimwokolee watoto, na jina lake nalo nimwokolee.

Kutoka mlangoni ninaona maji. Domitille na wamama wengine wanne wamekaa kwenye majani, wamekuja kutazama. Nikishuka kwa njia kubwa wataniona wote, watanirudisha mbele ya Anaclet. Kwa njia ya miti hawataniona, ila ni ndefu, na mwisho wake uko mbali na maji.

Filimbi imelia. Wanaingia — ninashuka kwa njia kubwa.