Vyumba Vinane, Si Kumi

Mpendwa baba,

Shikamoo. Kesho asubuhi mafundi wanachimba msingi Kiboriloni, na mimi tangu juzi nakipima kiwanja kile kwa miguu kama mtu aliyepotelewa na kitu. Hatua ishirini na nne kwa kumi na nane. Nimepima mara saba. Hakikui.

Nianze na kinyongo, maana unajua sijakisahau. Ulipogawa kihamba chetu cha Kirua, ardhi ya ukoo, kaka alipata shamba la juu, mdogo wetu wa mwisho akabaki na nyumba yako, ndiyo mila. Mimi wa kati ukanitazama mikono. "Wewe hii inakutosha." Ilitosha, baba. Lakini iliuma.

Kwa mikono hiyo nikajenga vyumba kumi vya kwanza, futi kumi kwa kumi, ambavyo hata muuza mitumba anavimudu. Kila mlango uliangalia barabara, kila mpangaji na ukuta wake wa tofali la inchi sita. Nilitaka kila mtu awe na mpaka wake, kwa kuwa mimi nilinyimwa. Nikakuleta uone. Ulizunguka mara mbili na fimbo yako, ukauliza, "Hawa wanasalimiana wapi?"

"Wamekuja kulala, baba, hawakuja kusalimiana."

Ukacheka. "Basi umejenga ghala."

Siku hiyo sikukusindikiza hadi stendi. Hilo linanisumbua kuliko kihamba.

Mwaka huu Mama Neema wa chumba namba nne alishikwa na malaria, akalala siku mbili bila mtu kujua. Wa namba tatu alimsikia akigonga ukuta, akadhani anapigilia msumari. Alipona, namshukuru Mungu. Mimi ndiye sijapona.

Ndiyo maana nimechora vyumba vinane. Milango inatazamana, katikati kuna uwanja, bomba moja na jiko la pamoja, kama pale kwako ambapo jirani hakupita bila kuulizwa ameamkaje. Fundi mkuu kanicheka: "Bosi, hapo katikati pamemeza vyumba viwili. Utampangisha nani, upepo?" Kwa hesabu, ana haki. Na hesabu ndiyo iliyonilea mimi.

Mchana huu nikapanda Kirua, nikakata masale yaliyopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Kaka akanikuta na panga. "Wewe! Shamba hukupata, sasa unaiba mpaka?"

"Naenda kuupanda katikati ya nyumba," nikamwambia. Akatikisa kichwa, kisha akanikatia mengine matatu.

Jani moja nimeliweka juu ya kaburi lako. Unajua kwetu sale huomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Wewe hukuwahi kumkatalia mtu; usianze na mimi.

Kesho nachimba vinane.

Kwaheri, baba. Safari hii ningekusindikiza.

Mwanao wa kati