Nyimbo za Shemeji Haziko Kwenye Prosesa

Jumapili, jioni. Keko.

Mawingu tangu asubuhi, na mvua yenyewe haijanyesha. Siku kama hizi vanishi haikauki, kwa hiyo hata ningetaka kufanya kazi nisingeweza. Nimekaa juu ya kitanda nilichokitengeneza ambacho hakijapata mteja, naandika kwa simu. Wanaonisoma humu wananijua mie mtu wa kuchekesha. Leo msinitegemee.

Jana nimeiua kompyuta ya dada yangu Agnes.

Ni kompyuta ya mezani, ile ya kasha refu jeusi, iliyotoka kwenye ofisi za watu ikiwa imeshatumika. Aliinunua marehemu shemeji yangu, Mwalimu Kasiani, aliyekuwa mwalimu wa kwaya kule Kibamba. Nyimbo zote alizotunga alikuwa anazirekodi humo, na mazoezi pia, unamsikia anakohoa, anagonga meza, anasema "sauti ya pili mmelala". Tangu tumzike, kila Jumapili dada akitoka kanisani anaiwasha kabla hata ya kuvua viatu. Anamwacha shemeji afundishe kwaya sebuleni, yeye anapika. Ukifika pale saa hizo utasema jamaa yumo ndani.

Shida ilikuwa uzee wa mashine. Kuwaka kwake, unaweza kuinjika maharage yakaiva. Wimbo unakwenda, unaganda, unakwenda tena. Neema, binti wa dada, akasema itafutwe prosesa yenye nguvu zaidi, na mtu wa kuibadilisha. Mie niko palepale, nakula. Ungekuwa wewe ungenyamaza?

"Mtu gani tena, na mjomba wako nipo?" nikamwambia.

Sijasoma sana. Shule niliiacha kidato cha pili, au iliniacha yenyewe, inategemea unamuuliza nani. Ila hii mikono haijakutana na kitu kikaishinda. Redio, pasi, jokofu, pikipiki, vyote nimefungua na vyote nimefunga. Kuna ile meli ya Wagiriki iliyozimika bandarini, mainjinia wao wamekaa chini wameshika tama, nikaiwasha mie kwa waya wa antena. Hiyo mnaijua, nimeshaiandika humu.

Dada aliniuliza kitu kimoja tu. Watu huwa wanasema prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na yeye hilo neno alikuwa amelishika.

"Gaspa, ukiutoa ubongo wake, huo mpya utamjua Kasiani?"

Pale ndipo nilipotakiwa kumweleza taratibu. Badala yake nikacheka, nikamwambia dada, huo mpya utamjua mpaka na ukoo wake.

Prosesa nikaipata Kariakoo. Imetumika lakini safi, ya kundi lilelile linaloingia kwenye mazabodi ile, yaani ule ubao mkuu wa ndani ya kasha. Hapo sikukosea, naomba ieleweke. Jana asubuhi nikaenda Kibamba. Kwanza nikaibeba kompyuta begani mpaka kwa fundi pancha, akaipuliza kwa upepo wa kujazia matairi, likatoka vumbi ungedhani tunapepeta pumba, na mjusi mmoja mkavu akatoka nalo. Nikairudisha, nikaiweka kwenye meza ya barazani penye mwanga. Nikatoa feni. Nikafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikainua kichuma cha kubana, nikaitoa prosesa ya zamani, nikaifunga kwenye leso.

Sasa, kwenye mazabodi ya aina ile, mahali prosesa inapokaa kuna visindano vimesimama, vingi, vyembamba kama kope. Ukivilaza umekwisha. Nilikuwa najua. Ndiyo maana inaniuma.

Akaja Nassor. Huyu ni jirani wa dada, ana duka alilolikuta kwa baba yake, na baba yake alilikuta kwa babu. Kaja na kikombe chake cha kahawa, nyuma yake wateja wameacha kununua wamemfuata.

"Fundi," akasema, "hiyo operesheni, au ndiyo unatafuta chanzo cha kifo?"

Watu wakacheka. Mtu akishaniita fundi mbele za watu, mie kukaa kimya siwezi, nimejaribu maisha yangu yote. Nikaanza ile ya meli. Prosesa mpya nimeishika kwa vidole viwili, juu kabisa ya mahali pake. Nafika pale nahodha anapopiga magoti, na pale lazima uonyeshe kwa mkono, haisimuliki bila mkono.

Ikaniponyoka.

Haikuanguka kutoka mbali, kiasi cha shibiri. Ilitua kwa kona. Visindano vya upande mmoja vikalala kama mpunga uliopitiwa na ng'ombe. Nikaomba sindano ya kushonea, nikavaa miwani yangu na juu yake ya Nassor, nikaanza kuvinyanyua kimoja kimoja. Vingine vikanyanyuka. Vingine vikabaki kwenye ncha ya sindano. Nikaweka prosesa mpya, nikawasha: feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Nikaitoa kwenye leso ile ya zamani, nikairudisha. Cheusi vilevile.

Nassor akachukua miwani yake, akarudi dukani. Nassor akikosa utani, ujue hali imefika pabaya.

Lakini nyimbo hazijaguswa. Hilo nataka mlielewe, maana ndilo linalonitesa. Prosesa haitunzi kitu. Prosesa ni mpishi, na diski ndiyo stoo. Mpishi akianguka akafa pale jikoni, mchele wako uko stoo, haujui hata kama kuna msiba. Diski ya shemeji ni nzima. Unaichomoa, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anaendelea kukohoa alipoachia. Hili sikuhadithiwa. Nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Nikamwambia dada hivyohivyo, na mpishi na stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga.

"Kama ile meli," akasema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kushika. Nikamwambia, haki ya Mungu dada, nyimbo zimo. Akasema, "Haki ya Mungu uliapa na kwenye kile kisa chako cha chatu wa Ruvu." Neema akaangalia miguu yake. Nikachukua bisibisi niitoe diski niondoke nayo, nikamtafutie kompyuta nyingine aisikie kwa masikio yake. Dada akavuta kiti, akakaa mbele ya kasha kama mtu aliyeziba mlango.

"Umeshamgusa, inatosha. Nenda nyumbani, mdogo wangu."

Nikaondoka.

Leo mchana Neema kanipigia. Anasema mama yake karudi kanisani, kavua viatu mlangoni, kapita sebuleni, walikoirudisha kompyuta jana, bila kugeuza shingo. Kapika, kapakua, hajala. Kamwambia Neema kwamba sasa amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna hata wa kuja kumpa pole, maana nani anakuja kulilia kompyuta? Neema akajaribu: mama, labda mjomba safari hii anasema kweli.

"Mjomba wako kila safari anasema safari hii ni kweli."

Neema alinisimulia akidhani nitacheka. Kwa kawaida ningecheka.

Mie nimezika watu wengi, sijaona msiba wa namna hii. Dada analilia kitu kizima. Kiko palepale sebuleni, ndani ya kasha, hatua chache kutoka anapokalia kiti. Na mtu anayejua kwamba ni kizima ni mie, na neno langu pale nyumbani halinunui hata kiberiti. Nimejaribu kumwandikia ujumbe. Kila nikiandika, nikiusoma naona umeanza kunoga, naufuta. Hata "nisamehe dada" ilitoka na mbwembwe.

Meli ilikuwepo, lakini. Na waya ulikuwa wa antena. Labda haikuwa kubwa kiasi kile.

Kuna fundi wa kompyuta huku Temeke, ana kibanda karibu na soko. Simpendi. Ukimsalimia anaitikia kama analipishwa, na mara moja nilimsimulia jambo zuri sana akaniuliza, "Kwa hiyo shida yako ni nini?" Lakini nimefikiri mchana kutwa, sioni mwingine. Kukikucha nitakwenda kwake. Nitamwomba aende Kibamba na Neema, mie nibaki huku. Aifungue mashine mbele ya dada, amwambie prosesa haitunzi kitu, nyimbo zimo kwenye diski, kisha aichomeke kwenye kompyuta nyingine dada azisikie. Maneno yaleyale niliyosema mie, ila yatoke kwenye mdomo wake. Mpishi na stoo aache, atayaharibu. Na asitaje kwamba nimemtuma, maana akitaja tu, dada atarudi kukaa mbele ya kasha.

Itakuwa hivi: shemeji atakohoa, dada atalia vizuri, kilio cha kupumzika. Fundi atapikiwa. Halafu itasimuliwa. Itasimuliwa kanisani na dukani kwa Nassor, kwamba Gaspa aliiua na kijana mmoja wa Temeke akaja akaifufua. Mie nitakuwa nimekaa palepale, sahani mkononi, nasikiliza hadithi ambayo nusu yake ni yangu na hakuna anayejua.

Kwenda kumwomba yule fundi naweza. Ninachojiuliza tangu mchana ni kingine. Siku hiyo, dada akimaliza kuisimulia na watu wakamgeukia fundi kwa makofi, mdomo wangu huu nitaufunga kwa kitu gani?