Chupa Uliyotuma Bado Imefungwa

Mjukuu wangu Wanza,

Salamu kutoka Garissa. Sisi ni wazima. Tangu tufunge ndoa, babu yako mpya Mutua huamka mapema kunipikia chai. Tunameza ARV zetu pamoja, kisha ananiuliza nimelalaje, kana kwamba hakuwa kando yangu. Nacheka kama msichana.

Chupa ya vitamini na madini imefika, asante. Unauliza kama nimeanza kuvimeza vidonge hivyo, kwa kuwa umesoma kwamba kinga ya mwili nayo huzeeka. Bado.

Nilipokuwa msichana kule Hadado kwa wafugaji, baba akifundisha shule, nilimhurumia ngamia mzee aliyedhoofika. Nikampelekea chumvi, maana nilijua ngamia huipenda. Mwenye ngamia, Mama Halima, akanishika mkono.

"Wallahi, binti ya mwalimu, unataka kuniulia ngamia?"

"Kwani chumvi ni mbaya?"

"Ni nzuri. Lakini kisima kiko mbali. Akiila sasa, kiu itammaliza njiani. Tukifika majini, mpe wewe mwenyewe."

Chupa yako ilipofika nilimkumbuka Mama Halima, na muuguzi wa kliniki aliyesema kwamba baadhi ya madini, yakimezwa pamoja na dawa yetu, huipunguzia nguvu. Siku ya kliniki nitaibeba chupa yako, muuguzi aniambie kama vidonge vyanifaa, na nivimeze saa ngapi.

Kwa sasa Mutua ameifungia kabatini. Anasema amechelewa sana kunipata, na hana haraka ya kuwa mgane.

Nyanya yako akupendaye