Kiwi cha Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku tunaamka na kulala, Mungu ashukuriwe, ingawa tumechoka. Mama anakusalimu. Bibi anauliza kama unakula, au unanenepa kwenye barua tu.

Ama baada ya salamu, uliuliza kuhusu macho ya Baba. Tangu mvua zilipokwisha alikuwa akisema ana kiwi. Sisi watoto wa fundi wa kuchomelea tumekua na neno hilo: ukiutazama moto bila kioo, macho yanafanya kiwi, unakaa gizani, kesho unaona. Kwa hiyo hatukushtuka. Kila akirudi kutoka karakana, Mama alifunga mapazia, Baba akalala chali na kitambaa cha maji usoni, nasi tukawa tunanyata.

Bibi alisema ni neno la zamani, kwamba baba yake mhunzi alilikuta kwa waliomfundisha kufua chuma, na kwamba kiwi ni moto uliosahau kutoka jichoni. Nilipomuuliza wao walilitoa wapi, akasema nisimchoshe, yeye hakuwapo.

Unanijua nilivyo. Nilikwenda maktaba ya shule. Kamusi ilisema ni hali ya kutoona vizuri kwa sababu ya mwanga mkali; asili haikuandikwa. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye huwa naona haya hata kumsogelea, aliniambia maneno mengine yamezeeka mpaka yamesahau kwao. Kisha akauliza nalitafutia nini. Nilipomwambia Baba ana kiwi mwezi wa nne sasa, alisema kiwi hakikai miezi, apelekwe hospitali.

Baba alijibu kwamba mwalimu akafundishe irabu. Lakini wiki iliyopita alichomelea milango miwili ya geti, bawaba zote akaziweka upande mmoja badala ya kila mlango upande wake. Wenzake walicheka, mmoja akasema leo fundi mkuu katengeneza geti la kuingia bila kutoka. Baba naye alicheka. Jioni akaniambia nivae viatu, twende kwa daktari kabla hawajafunga.

Kaka, si kiwi. Ni presha ya macho, na daktari alisema haikuletwa na kuchomelea. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichopotea hakirudi; dawa ya matone itajaribu kulinda kilichobaki. Muda wote ule tulikuwa tunamfungia mapazia.

Baba amenituma nikuandikie kuwa ni kiwi na kimeanza kupungua. Anaogopa utaacha chuo uje kushika mashine yake. Nilimwitikia, nikakaa mezani, mkono ukakataa.

Usije kushika mashine. Njoo umwambie aiache. Sisi tumesema mpaka tumechoka, anatuita waoga, na kesho anarudi kulifumua lile geti kwa msumeno wa umeme. Wewe huwa anakusikiliza.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Mimi ndiye ninayemtia matone, asubuhi na jioni. Analaza kichwa mapajani mwangu, ananiambia nisiogope, yeye haumii.

Ni mimi mdogo wako,
Msomi